Dawa Mbili na Beberu wa Baba

Kazi yangu ya kwanza Nairobi ilikuwa kutunza panya. Si panya wa darini wanaotoboa magunia, bali panya weupe wenye macho mekundu, waliofugwa katika maabara ya utafiti ili wajaribiwe dawa. Nyumbani kwetu, upande wa Kinango, habari hiyo iliwachekesha watu sana. Walimwuliza baba iwapo ni kweli binti yake alisoma miaka yote ile akaishia kulisha panya. Baba hakuwahi kukosa jibu maishani mwake. Aliwaambia kwamba yeye naye amelisha mbuzi tangu utotoni na hakuna serikali iliyompa mshahara.

Wakati huo maabara yetu ilikuwa ikishughulikia presha. Swali lilikuwa hili: dawa mbili zikitumika pamoja, kila moja kwa kiasi kidogo, je, zitaishusha presha vizuri kuliko dawa moja peke yake? Panya wetu hawakuzaliwa na presha, kwa hiyo kwanza ilibidi waipate. Tuliwanywesha maji ya chumvi wiki baada ya wiki mpaka ikapanda. Kisha tuliwagawanya. Hawa walipewa dawa ya kutoa maji mwilini, wale dawa ya kulegeza mishipa, wengine zote mbili, na wengine hawakupewa kitu ili tuone tofauti.

Kuwapima ilikuwa kazi yangu. Panya hupimwa mkiani, kwa pete ndogo ya mpira inayojazwa upepo kama ule mkanda wa hospitalini, na kabla ya hapo hupashwa joto kidogo ili mishipa ya mkia ifunguke. Ukimshika kwa pupa anaogopa, na akiogopa kipimo kinaruka juu na siku yako imeharibika. Mimi nina hasira za karibu, nimezirithi kwa baba, na wenzangu walishangaa nilivyokuwa mpole nikiingia chumba kile. Niliwaambia ni upole wa kulinda mshahara.

Basi katika ukame ule wa mwaka wa tisini na saba, kabla mvua za El Niño hazijaja kutufunika, binamu yangu aliyekuwa akifanya kazi hotelini Diani alipiga simu maabara. Alisema baba alikwenda matangani Msambweni, na asubuhi moja, akiwa ameketi na wanaume wenzake, alifungua mdomo kujibu salamu na maneno hayakutoka. Mkono wake wa kulia ulianguka mapajani. Hali hiyo ilidumu kwa muda mfupi tu, kisha ulimi ukarudi na mkono ukarudi, lakini walimkimbiza hospitalini, na huko walisema presha yake imepanda kupita kiasi.

Nililia palepale penye simu. Ami yangu, mdogo wake baba, alikuwa amelala kitandani mwaka wa tatu kwa kiharusi, nusu ya mwili haimtii, akilishwa uji kwa kijiko. Na baba bila ulimi sikuweza hata kumfikiria. Baba ni mtu wa kugombana. Hugombana na mbuzi, na redio, na jua likichelewa kushuka. Mama alisema baadaye kwamba kilichomtisha zaidi siku ile ni ukimya.

Nilipofika nyumbani nilimkuta kwenye zizi, akimtukana beberu wake mkubwa. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba kwa sauti kamili, nami nikafurahi kana kwamba nimepewa zawadi. Furaha yenyewe haikufika jioni. Mama alinivuta jikoni akanionyesha bahasha mbili za vidonge. Hospitalini walimwambia ameze vya aina zote mbili kila asubuhi. Bahasha moja ilikuwa imepungua vizuri, nyingine imejaa kama ilivyotoka kwenye dirisha la dawa. Hiyo iliyojaa ilikuwa ya vidonge vya kutoa maji.

Nilimwuliza mwenyewe. Hakunificha. Alisema kile kidonge alikionja siku ya kwanza, na tangu asubuhi hadi adhuhuri kazi yake ilikuwa kwenda kichakani na kurudi.

"Sasa sikiza, mwanangu," akasema. "Hapa maji yaletwa na punda. Punda aenda alfajiri arudi jua la utosi. Mimi niyanywe hayo maji, halafu nimeze kitu cha kuyatoa? Huyo daktari ajua dumu moja lapatikanaje?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa sababu nyingi, lakini si hiyo. Lambo lilikuwa limebaki tope, mabomba ya Kinango yalikuwa yakitoa upepo, na watu wa huku walikuwa wakiyahesabu maji kwa vikombe. Machoni pa baba, dawa ile ilikuwa ufujaji. Tena alikuwa na sababu ya pili, nayo ilikuwa nzito kwake kuliko ya kwanza: dawa mbili pamoja hajaona zikijaribiwa. Mifugo yake yote aliitibu kwa utaratibu mmoja. Dawa mpya ikija, ya minyoo au ya kupe, humpa mnyama mmoja kwanza, tena yule anayemwudhi kuliko wote, kisha hukaa kumtazama mpaka kesho yake. Akiamka mzima, ndipo kundi lote hupata. Akaniuliza kwa nini afya yake ipewe heshima ndogo kuliko ya mbuzi.

Nilimwambia dawa hizo zimekwisha kujaribiwa, mimi mwenyewe nimeshika waliojaribiwa. Akacheka. Alisema panya si mnyama, panya ni mwizi. Nilipandisha sauti naye akapandisha yake, na mama akatutoa nje sote wawili kwa sababu tunamharibia ugali.

Kesho yake nilikwenda sokoni Kinango kununua unga. Niliporudi niliona moshi mkubwa uani na majirani wameketi kwenye mikeka, nyuso zao zimechangamka kama za siku ya sikukuu. Beberu wa baba alikuwa kwenye sufuria.

Mama ndiye aliyenisimulia, mkono umefunika mdomo ili asicheke. Mara tu nilipotoweka njiani, baba alichukua kidonge kimoja kutoka kila bahasha, akavisaga, akavichanganya na pumba za mahindi karai zima, akampa beberu. Kumbuka mbuzi wetu mwaka ule walikuwa wakila miiba. Beberu alilifagia lile karai, akanywa maji mengi, akakojoa, akanywa tena, akakojoa tena, huku baba akimhesabia hasara kwa sauti. Jua lilipokuwa kali alikwenda kivulini, akalala ubavu, akafumba macho, akaanza kukoroma.

Baba alipiga ukelele kwamba mbuzi anakufa. Na kwetu hakuna anayengoja mbuzi afe mwenyewe, maana akifa bila kuchinjwa ni kibudu, na kibudu haliwi. Sisi si Waislamu, ila jirani yetu ni Mwislamu, na ndiye anayetuchinjia siku zote ili nyama iwe halali kwa kila anayepita. Alikuja mbio na kisu mkononi. Alitaja jina la Mungu, na hapo, mama akasema, yule mbuzi aliyekuwa anakata roho alifumbua macho yote mawili, akaruka, na ikabidi wanaume watatu wamkalie ndipo achinjike.

Nilihakikisha tumbo na matumbo yamezikwa pamoja na dawa iliyokuwamo na hakuna aliyeyaonja. Kisha nilimfuata baba, ambaye alikuwa ameketi kando na hakula hata mnofu mmoja.

"Umeona?" akaniambia, kwa sauti ya mtu aliyeshinda kesi. "Dawa mbili zimemwua mbuzi."

"Baba," nikamjibu, "aliyemwua mbuzi ni kisu."

Jirani alikuwa na mfupa mdomoni, akapaliwa. Mimi sikuwa nikicheka. Hasira zilinipanda hadi masikioni, kwa sababu sasa baba alikuwa na ushahidi, na ushahidi wake ungemlaza kitandani kama ami. Nilimwambia kila kitu kilichonijia. Nilimwambia kwamba mbuzi hakupewa nafasi ya kuamka. Nilimwambia kwamba beberu alipewa vitu vitatu, vidonge vya aina mbili na karai la pumba, na hakuna aliyejua ni kipi kilichomlaza. Kule maabara, nikasema, yupo panya anayepewa chakula kilekile bila dawa, ili mtu asije akailaumu dawa kwa kosa la chakula. Akauliza, kwa hiyo na mbuzi mwengine apewe pumba bure? Nikasema ndiyo, bure kabisa. Nikaondoka, kwa maana machozi yalikuwa karibu na sikutaka jirani ayaone.

Sikutegemea afanye lolote. Lakini baba ni mfugaji, na neno likimwingia kuhusu mnyama halimtoki. Asubuhi iliyofuata nilimkuta amemfunga jike mmoja mkorofi pembeni na kumwekea karai la pumba tupu. Alivuta kigoda akaketi. Nami nikavuta changu. Jike alikula hadi akalamba bati, akanywa maji, akakojoa, akaenda kivulini, akalala ubavu, akafumba macho, akaanza kukoroma.

Jirani alitokea kwenye ua, kisu kiunoni. Baba alimwinulia mkono asisogee.

Tulikaa pale muda mrefu. Hatimaye jike alipiga mbweu, akasimama, akajinyoosha miguu ya nyuma, akaja kulitazama karai kama kuna zaidi. Baba alimtazama yeye, akatazama ngozi ya beberu iliyowambwa juani.

"Ni shibe," akasema taratibu.

Ni mara chache nimemwona baba akishindwa, na kwa kawaida akishindwa hununa. Safari hii hakununa. Aligeuza kigoda kunielekea akaanza kuniuliza kuhusu panya, na maswali yake yalikuwa ya mfugaji hasa. Nani anawasafishia banda. Majike wanazaa au hawazai wakiwa na presha. Dawa wanameza wenyewe au wanashikwa. Nilimjibu moja baada ya jingine. Alipouliza kwa nini zitumike mbili, nilimwambia ni kama kurudisha kundi lililoingia shamba la mtu: ukiwa peke yako, ukiziba huku wanatokea kule, lakini mkiwa wawili kila mmoja anaziba upande wake, na hakuna anayelazimika kukimbia sana. Akasema hilo analielewa. Kisha akauliza panya walipataje presha tangu mwanzo.

"Tuliwanywesha maji ya chumvi."

"Chumvi kiasi gani? Kama ya kisima chetu?"

Kisima kile cha kuchimba ndicho tulichokitegemea lambo likikauka. Maji yake huacha weupe kwenye sufuria, na chai yake haihitaji kuonjwa ili ujue ilikotoka. Baba alikuwa ameyanywa karibu kila kiangazi cha maisha yake, na ami pia. Nilimwambia sijui kiasi, hakuna aliyeyapima, lakini ladha yake haiko mbali.

Baba akaanza kucheka, kicheko kile cha tumboni.

"Basi mlijisumbua kununua panya," akasema. "Mngekuja hapa."

Tangu siku hiyo alimeza vidonge vya aina zote mbili. Alilalamika kila mara alipokwenda kichakani, tena kwa sauti ili tusikie, lakini alimeza. Mama alianza kuweka maji ya kununua kando kwa ajili yake, na chumvi ya mboga akaipunguza kwa mkono mzito, akisema sasa sote tutakula kama wagonjwa. Niliomba nyongeza ya likizo, nikapewa kwa manung'uniko. Nilisubiri siku ya kliniki kama mtoto anayesubiri matokeo ya mtihani. Nilikuwa nikiamka alfajiri kabla ya punda, natega sikio nimsikie baba akigombana na mtu. Sahani yangu ilirudi jikoni na nusu ya chakula. Niliogopa tu, sina neno jingine.

Siku ilipofika tuliteremka hadi Msambweni, maana baba alisema hospitali aliyokimbiziwa siku ile ndiyo hiyo na hataki nyingine. Aliyempokea alikuwa afisa wa kliniki, kijana wa watu wa bara waliopewa mashamba upande ule wa skimu ya makazi, Kiswahili chake cha haraka haraka. Alimwita baba mzee wangu, akamfunga mkanda mkononi, akaanza kuujaza upepo.

Mimi niliyepima mikia ya panya mamia kwa mikono isiyotetemeka niligeuka ukutani. Palikuwa na picha ya mama anayenyonyesha, nikaikodolea macho. Nilisikia upepo ukitoka kwenye mkanda polepole, kisha kijana akasema, imeshuka, mzee, imeshuka vizuri sana. Akasema aendelee hivyohivyo, dawa zote mbili, kila siku, asiache hata akijisikia mzima. Niliketi kwenye kiti cha wagonjwa bila kukaribishwa, nikamshukuru Mungu kwa sauti, na kijana akaniuliza kama nami nahitaji kupimwa.

Tulikwenda kula kwenye hoteli ndogo karibu na hospitali, wali na samaki wa kupaka. Baba alikuwa na furaha. Alimsimulia mwenye hoteli habari zake zote, akamsimulia na mteja wa meza ya pili. Alipomaliza kuwasimulia aliniinamia akaniambia kwamba sasa amepona, na vidonge vilivyobaki atampelekea ami, maskini, naye apone. Vya asubuhi hiyo hakuvimeza, alikuwa akingoja kwanza kusikia kama bado vinahitajika.

Nilirudisha kijiko kwenye sahani. Hofu yote niliyoiacha kwenye kile kiti cha hospitali ilinirudia. Keshokutwa mimi ningekuwa Nairobi, na kati yetu pangekuwa na simu moja tu, tena ya hotelini Diani kwa binamu. Nilimwambia alivyosema afisa. Akasema afisa ni mtoto. Nikamwambia ami ana dawa zake na hali yake, asiguse za mwengine. Hilo alilikubali. Nikamwambia kule maabara wako panya ambao tuliwaachisha dawa baada ya presha kushuka, na mimi mwenyewe niliwapima nikaiona inapanda tena, upesi kuliko nilivyotazamia.

Alitafuna polepole. Akauliza, "Wako wapi sasa hao panya?"

Sikuwahi kuulizwa swali hilo na mtu wa nyumbani. Ningeweza kusema wapo, wanakula, wamenenepa, naye angeridhika. Lakini mbele ya baba uongo kuhusu mnyama hauendi mbali. Nilimwambia kwamba mwisho wa kazi waliuawa wote, waliopona na wasiopona, ili wakubwa wawapasue wakaangalie moyo na figo.

Aliitikia kwa kichwa. Kuua hakukumshtua, yeye amechinja maisha yake yote.

"Na nyama?"

"Ilichomwa, baba."

"Yote?"

"Yote. Hailiwi. Ina dawa."

Baba alisukuma sahani kando. Kwake yeye, kumtoa mnyama roho halafu kuitupa nyama ni jambo baya kuliko wizi. Aliwahi kumnunia shemeji yake miaka kwa sababu ya ndama aliyeachwa akaoza. Alikaa akiitazama meza, hasemi, na ukimya ukazidi, hata nikaanza kuutazama mdomo wake na mkono wake wa kulia. Mwenye hoteli alipita akamwuliza kama samaki ana kasoro. Hakumjibu. Nilikuwa nimekwisha kuinuka nusu kitini ndipo aliposema.

"Mnyama auawa ili afae mtu. Hao hawakuliwa, ngozi haikuwambwa, hawakufaa kitu."

"Walifaa kwa dawa tu, baba."

"Kwa hizi."

"Kwa hizi na nyingine kama hizi."

Alitia mkono mfukoni mwa shati akatoa bahasha zote mbili.

"Basi nikiziacha," akasema, "watakuwa wamekufa bure."

Aliagiza maji. Alimeza kimoja, akameza cha pili, akashusha pumzi, akanirudishia macho makali kana kwamba mimi ndiye niliyewasha moto uliowachoma panya. Kisha akaniambia nikirudi kazini niwaambie wakubwa zangu kuna mzee huku anawadai nyama, na akaendelea hapo, sentensi juu ya sentensi, ulimi haugongi popote. Nilimwacha aseme. Nilivuta sahani yangu nikala wali wote, kisha nikavuta na yake, nikamla samaki mpaka mifupa.